Mti wa Barabarani Mbele ya Nyumba Yako: Namna ya Kuomba Upogolewe au Uondolewe Dar es Salaam

Masika yakikaribia, maswali ni yale yale kila mwaka. "Mti uko nje ya ukuta wangu, naweza kuukata?" "TANESCO wamekata nusu wakaondoka, nusu iliyobaki ni kazi ya nani?" "Nimepeleka barua manispaa, kimya, nifanyeje?" Nimeyapanga majibu hapa hatua kwa hatua, kwa mtu ambaye hajawahi kuomba kibali cha mti hata mara moja. Mwongozo unahusu Dar es Salaam: Jiji (lililokuwa Manispaa ya Ilala hadi Februari 2021), Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Ukiwa Tanga, Morogoro au Mwanza ofisi utakazopita ni karibu hizo hizo.

Nitangulize msimamo wangu. Maombi mengi ya kuondoa mti yangeweza kumalizwa kwa kukata matawi matatu manne, mahali sahihi, na mtu anayejua. Mti uliochukua miaka 40 kutengeneza kivuli cha mama lishe, kijiwe cha bodaboda na fundi viatu unaondoka asubuhi moja, na hakuna bajeti inayourudisha mwaka unaofuata. Kwa hiyo tunaanza na mkato mdogo kabisa unaotatua tatizo, tunapanda juu pale tu unaposhindwa.

Kabla hujaanza, kusanya haya

- Picha nne: mti mzima kutoka mbali, shina pale linapoingia ardhini, sehemu yenye tatizo, na picha inayoonyesha mti pamoja na barabara, waya au nyumba. Zipige mchana.
- Jina la mti. Jina la mtaani linatosha: mwarobaini, mkungu, mjohoro, mvinje, mwembe, mashoki, mkrismasi.
- Mzingo wa shina, uliopimwa kwa futi kamba ya fundi cherehani kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini. Wataalamu wa misitu hupima hapo, na ukiandika kipimo hicho barua yako inasomwa kwa makini zaidi.
- Mahali: mtaa, kata, namba ya anwani ya makazi ya nyumba iliyo karibu. Kama kuna nguzo ya umeme, nakili namba iliyoandikwa juu yake.
- Majina ya majirani na wanaofanya kazi chini ya mti huo. Hao nao wana haki ya kusikilizwa.
- Barua mbili, moja ya kubaki ofisini na moja ya kugongwa muhuri urudi nayo.

Fundi wa chenso asiwe mtu wa kwanza kumwita. Anaishi kwa kukata, na mara nyingi magogo ni sehemu ya malipo yake. Ukimuuliza kama mti uondolewe unajua tayari atakachokujibu.

Hatua ya 1: Jua mti ni wa nani

Hapa ndipo wengi wanapopoteza mwezi mzima. Mti ulio nje ya mpaka wa kiwanja chako si wako hata kama uliupanda mwenyewe na kuumwagilia tangu mche. Ni wa mamlaka inayosimamia ardhi uliyosimama.

Barabara kuu na za mkoa, kama Morogoro, Kilwa, Nyerere na Bagamoyo, ziko chini ya TANROADS pamoja na hifadhi ya barabara pande zote mbili. Barabara za mitaani ziko chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017. Viwanja vya wazi, masoko, makaburi ya umma na shule za msingi na sekondari za serikali ni mambo ya halmashauri. Kandokando ya reli, muulize TRC. Mti ulio ndani ya uzio wa taasisi, hospitali au chuo, anza na uongozi wa taasisi hiyo.

Angalia pia mambo mawili. Kwanza, mto na bahari. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe. Mti ulio kando ya Mto Msimbazi au kwenye fukwe za Kunduchi unashika udongo, na kuung'oa kunamgusa jirani wa chini pia. Taja umbali huo kwenye barua yako mapema. Pili, aina ya mti. Mvule, mpingo na jamii nyingine zilizohifadhiwa kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zina utaratibu wake hata zikiota uani kwako. Ukiona mti wa namna hiyo, mtafute afisa misitu kabla ya yote.

Usipojua kabisa ni wa nani, nenda kwa mtendaji wa mtaa na picha zako. Ni kazi yake kukuelekeza.

Hatua ya 2: Tenganisha dharura na kero

Dharura ni hizi: mti ulioinama ghafla na ardhi upande wa pili imepasuka au kuinuka, tawi kubwa lililovunjika linaloning'inia, shina lililochanika kwenye panda, mti au tawi lililolalia waya wa umeme. Ukiona moja ya hizo, barua isubiri. Ondoa watu, magari na meza za biashara chini yake, wapigie Zimamoto na Uokoaji 114, wajulishe TANESCO kama kuna waya, kisha mpigie mtendaji wa mtaa.

Onyo: Usiguse tawi lililo kwenye waya, wala usimruhusu kijana alivute kwa kamba au kulisukuma kwa mti mkavu. Umeme ukiwa umekatika mtaa mzima unaweza kurudi sekunde yoyote, na mti mbichi unapitisha umeme.

Yaliyobaki yote ni ya kufuata utaratibu. Dalili za kuandika kwenye barua ni uyoga unaoota kwenye mizizi au chini ya shina, mchwa waliopanda hadi juu, tundu kubwa, matawi makavu kileleni, na panda yenye gome lililobanwa katikati, ambayo ni nyepesi kuchanika upepo ukivuma. Gonga shina kwa rungu la mbao ukizunguka. Sauti ikibadilika kuwa ya uwazi, andika upande gani na kimo gani.

Ila usiutangaze mti kuwa unakufa kwa kuutazama tu. Mkungu hugeuza majani kuwa mekundu na kuyaangusha, kisha huchipua upya. Mkrismasi hubaki mtupu kiangazi, na mbuyu ndivyo maisha yake yote. Kwangua gome la kijitawi kwa ukucha. Ukiona kijani na unyevu, mti uko hai. Tundu peke yake nalo si hukumu ya kifo, kwa kuwa nguvu ya shina iko kwenye ukuta wa nje, na mti wenye ukuta mnene na mzima unaweza kusimama miaka mingi. Mti ulioinama tangu mdogo huku kilele chake kimejinyoosha kwenda juu umeshajizoesha. Wa kuogopa ni ule ulioinama jana.

Hatua ya 3: Chagua unachoomba

Ngazi ziko hivi, kutoka ndogo kwenda kubwa:

1. Kuondoa matawi makavu na yaliyovunjika tu.
2. Kuinua mwavuli, yaani kukata matawi ya chini ili watu wapite kwa miguu kwenye mita 2.5 na magari kwenye mita 5 hivi.
3. Kurudisha nyuma upande mmoja unaogusa paa, waya au taa ya barabarani.
4. Kupunguza msongamano ndani ya mwavuli ili upepo upite.
5. Kuuondoa mti.

Ngazi ya tano iombe pale mti umekufa, umeoza kwenye mizizi, umepasuka shina, au umesimama mahali ambapo hakuna mkato utakaoondoa hatari. Sababu kama "majani yanachafua uwanja", "kunguru wanalala pale" au "bango la duka halionekani" hazitoshi, na sioni kwa nini zitoshe. Kunguru wakikatiwa mwarobaini huu watahamia mwembe wa jirani jioni ile ile. Bango husogezwa kwa nusu saa.

Kosa kubwa kuliko yote: kukata kichwa. Utauona mti umebakizwa shina na visiki vitatu juu, na wahusika wanasema "tumeupunguza". Mti uliokatwa hivyo hupoteza karibu majani yote, gome lake linaungua na jua, visiki vinaoza kuelekea ndani, na machipukizi mengi yanaota kwa haraka yakiwa yameshikilia ngozi ya nje tu. Baada ya miaka michache machipukizi hayo ni matawi mazito juu ya mbao iliyooza. Yaani mti uliokatwa kwa kuogopwa unageuka wa kuogopwa kweli. Andika wazi kwenye ombi lako: "Tunaomba mti usikatwe kichwa."

Hatua ya 4: Pita serikali ya mtaa

Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa mtaa ukiwa na picha na orodha ya majirani. Unachohitaji kwao ni barua au maelezo yanayothibitisha kwamba wewe ni mkazi, mti upo pale unaposema, na majirani wanajua. Kama mti una watu wengi chini yake, omba jambo lisemwe kwenye mkutano wa mtaa. Litachukua siku zaidi, lakini litakuepusha na ugomvi siku ya chenso. Mama lishe aliyekaa pale miaka kumi akisikia habari ya mti wake kwa mlio wa mashine, ana haki ya kukasirika.

Hatua ya 5: Andika barua

Barua fupi inafanya kazi kuliko ndefu. Ipeleke kwa Mkurugenzi wa Halmashauri ili ishughulikiwe na kitengo cha maliasili na hifadhi ya mazingira. Kama mti uko kwenye barabara ya TARURA au TANROADS, mwelekeze meneja wa wakala husika na nakala iende kwa Mkurugenzi. Mfano:

> Mkurugenzi,
> Halmashauri ya Manispaa ya ……
>
> Kupitia kwa: Afisa Mtendaji wa Kata ya ……
> Kupitia kwa: Afisa Mtendaji wa Mtaa wa ……
>
> YAH: OMBI LA KUPOGOLEWA MTI ULIO KANDO YA BARABARA, MTAA WA ……
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mwarobaini mmoja wenye mzingo wa sentimita …… uliopo mbele ya nyumba yenye anwani …… una tawi kavu juu ya njia ya watembea kwa miguu, na matawi ya upande wa kusini yanagusa waya kwenye nguzo namba …….
>
> Tunaomba mtaalamu aukague, tawi kavu liondolewe na matawi ya upande huo yarudishwe nyuma. Hatuombi mti uondolewe, na tunaomba usikatwe kichwa.
>
> Tumeambatisha picha nne na majina ya majirani.

Saini, namba ya simu, tarehe. Ofisi ya masijala ikupigie muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako na ikupe namba ya jalada. Namba hiyo itunze kuliko barua yenyewe, kwa sababu kila ukirudi utaulizwa hiyo. Asiye na namba ya jalada hujibiwa "njoo wiki ijayo" bila mtu kuamka kitini.

Hatua ya 6: Kuwepo siku ya ukaguzi

Afisa misitu au afisa mazingira atakuja kuutazama mti. Uwepo, au awepo jirani anayeujua. Mwonyeshe mambo yasiyoonekana kwa macho ya mara moja: tawi lililoanguka mwaka jana, mtaro uliochimbwa karibu na shina, moto wa taka unaowashwa pale kila Jumamosi. Habari ya mtaro ni ya muhimu mno. Miti mingi inayoanguka mjini wakati wa masika ilikatwa mizizi ya upande mmoja na wachimbaji wa bomba, mfereji au msingi wa ukuta. Mwavuli bado wa kijani, hakuna anayeshuku, udongo ukilowa na upepo ukija mti unalala.

Muulize mkaguzi maswali mawili: je, tatizo hili linaweza kuisha kwa kupogoa? Na kama jibu ni kuondoa, ni dalili ipi hasa iliyoamua? Jibu la pili liandikwe kwenye taarifa.

Hatua ya 7: Soma kibali kabla ya kukifurahia

Kibali kiwe cha maandishi, chenye muhuri na tarehe. Kitaje mti gani (idadi, aina, mahali), kazi gani, nani ataifanya, lini mwisho wake, na mabaki yanakwenda wapi. Kibali cha kupogoa mti mmoja hakigeuki kuwa cha kukata mitatu kwa sababu fundi keshafika na mashine inanguruma.

Kama kuna malipo, yafanyike kwa namba ya malipo ya serikali, ile wengi tunayoiita kontrol namba, na upewe risiti. Fedha mkononi chini ya mti si malipo ya kibali, ni jambo jingine.

Hatua ya 8: Siku ya kazi

Kama kuna waya ndani ya mita 3 kutoka tawi lolote litakalokatwa, kazi haianzi mpaka TANESCO wamezima laini au wamekuja wenyewe. Hili halina mjadala.

Chagua kiangazi, kabla ya mvua. Kwa pwani yetu, Januari na Februari kunafaa kabla ya masika, na Agosti na Septemba kunafaa kabla ya vuli. Mwembe usubiri uvunwe. Tahadhari ya upepo mkali ikishatolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA), kama ilivyokuwa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakuja, si wakati wa kupandisha mtu mtini. Ni wakati wa kuondoka chini yake.

Mambo ya kusimamia, hata kama wewe si fundi:

- Eneo lizungushiwe utepe, na awepo mtu mmoja wa chini ambaye kazi yake ni kuzuia wapita njia tu. Bodaboda haoni utepe akiwa na haraka.
- Mkataji awe na kofia ngumu, miwani, viatu vilivyofunika vidole na mkanda uliofungwa kwenye shina. Chenso haitumiwi kwa mkono mmoja juu ya ngazi.
- Mti unaobaki hai haupandwi kwa viatu vya misumari. Kila tundu ni mlango wa ugonjwa.
- Matawi mazito yashushwe kwa kamba. Yakiachiwa yaanguke, yanavunja bomba la maji lililo chini na ukuta ulio pembeni.
- Kwa mara moja, majani ya kijani yanayoondolewa yasizidi robo ya mwavuli.

Kisha mkato wenyewe. Pale tawi linapoungana na shina kuna uvimbe kidogo, kama pete. Hiyo ndiyo shingo ya tawi, na ndiyo inayofunga kidonda. Alex Shigo, mtafiti wa idara ya misitu ya Marekani aliyepasua maelfu ya miti kwa urefu ili aone inavyojikinga, alionyesha kwamba kukata tawi bapa na shina kunaondoa kinga hiyo na kuingiza uozo ndani. Kukata mbali na kuacha kisiki kirefu nako ni kosa, kwa sababu kisiki hufa na kuoza kuelekea shinani. Njia sahihi kwa tawi lolote linalozidi unene wa kifundo cha mkono ina mikato mitatu:

1. Mkato wa kwanza unatoka chini kwenda juu, sentimita 30 hivi kutoka shinani, usiozidi theluthi ya unene wa tawi.
2. Mkato wa pili unatoka juu, sentimita chache mbele ya ule wa kwanza, kuelekea ncha ya tawi. Tawi linaanguka bila kuchana gome la shina.
3. Mkato wa mwisho unaondoa kisiki kilichobaki, nje kidogo tu ya shingo, bila kuigusa.

Usipake rangi, lami wala oili chafu kwenye kidonda. Haisaidii kufunga kidonda, na hufunika unyevu ndani. Kiache wazi.

Hatua ya 9: Mabaki, kisiki na mche

Magogo ya mti wa umma ni mali ya mamlaka yenye mti, isipokuwa kibali kimesema vinginevyo. Ukipewa na unataka kuyasafirisha, uliza kwanza kwa afisa misitu kuhusu hati ya kusafirisha mazao ya misitu, la sivyo gari litazuiwa njiani. Matawi madogo yatandazwe kama matandazo chini ya miti mingine au yapelekwe dampo. Kuyachoma chini ya mti ule ule kunaua gome la shina, na sijui ni kwa nini jambo hili bado tunalifanya.

Kama mti umeondolewa, kisiki kikatwe usawa wa ardhi au king'olewe. Kikiachwa juu watu watajikwaa gizani, na mjohoro au mwarobaini utachipua tena vurugu.

Kisha mche. Kila halmashauri nchini imewekewa lengo la kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka, kwa hiyo kuomba mche si kuomba hisani. Panda mwanzo wa masika. Chini ya waya chagua mti usiorefuka sana, kama mstafeli au mpera. Pasipo waya na penye nafasi, panda mti wa kivuli, mbali na ukuta na mtaro. Uwekee uzio wa mbuzi na jina la mtu atakayeumwagilia kiangazi cha kwanza. Mwaka wa pili au wa tatu, ukiona vilele viwili vinashindana, ondoa kimoja kwa msumeno wa mkono. Mkato huo wa dakika mbili ndio unaozuia panda kuchanika miaka 20 baadaye. Kupanda kunatangazwa sana kwetu. Kulea mche mpaka uwe mti nako ningependa kukusikia kukitangazwa kwa sauti ile ile.

Ukikwama

*Barua imekaa kimya.* Rudi na namba ya jalada, si na barua mpya. Barua mpya inafungua jalada jipya na unaanza upya. Muulize mtu wa masijala jalada lipo kwa nani kwa sasa. Likikwama tena, mwone diwani wa kata yako ukiwa na nakala zilizogongwa muhuri. Diwani mwenye karatasi mkononi anauliza vizuri zaidi kwenye kikao.

*Ofisi mbili zinarushiana.* TARURA wanasema ni wa halmashauri, halmashauri wanasema ni wa TARURA. Andika barua moja kwa zote mbili, kila moja ione jina la mwenzake, na uombe ukaguzi wa pamoja.

*TANESCO walikata upande mmoja, mti umeelemea upande wa pili.* Kazi yao ni kuweka waya salama; kusawazisha mti ni kazi ya mamlaka yenye mti. Omba upande wa pili upunguzwe kidogo kwa mikato sahihi, na usikubali suluhisho liwe kuunyoa wote. Mti ukiwa umeelemea sana na udongo umeanza kupasuka, rudi Hatua ya 2.

*Mtu anakata sasa hivi na hana karatasi.* Usimvamie mwenye chenso. Piga picha kwa mbali, namba ya gari ionekane, mpigie mtendaji wa mtaa na afisa misitu, kisha uombe kwa utulivu kuonyeshwa kibali. Anayekata kihalali atakionyesha.

*Shina limechunwa gome kuzunguka lote.* Hiyo kwa kawaida ni njia ya kuua mti kimya kimya ili baadaye uombewe kibali cha kuondolewa. Toa taarifa mapema. Kama gome limebaki hata upande mmoja kwa upana mzuri, mti unaweza kupona. Likiwa limeondolewa duara zima hadi kwenye mbao, hautapona.

*Matawi ya mti wa jirani yamening'inia barabarani.* Huo ni mti binafsi. Anza na jirani mwenyewe, kisha mtendaji wa mtaa. Halmashauri inaweza kumtaka mwenye mti aondoe hatari inayogusa njia ya umma.

*Mti uko kwenye njia ya mradi.* Barabara kubwa na miradi ya mabasi ya mwendokasi hupita kwenye tathmini ya athari kwa mazingira, ambayo kisheria inahusisha kusikiliza wananchi. Nenda wakati huo, mchoro ukiwa bado karatasi. Mwaka 2020 jijini Nairobi, mugumo mkubwa (mti wa jamii ya mkuyu) wa Waiyaki Way uliokuwa ukatwe kupisha barabara ya Expressway ulibakizwa baada ya watetezi wa mazingira kupaza sauti, na serikali ikatoa tamko la kuulinda. Wakandarasi wakishafika na mashine, utakachopata kwa urahisi ni ahadi ya miche.

*Mti uliopogolewa umeota machipukizi kila mahali.* Ni dalili kwamba uliondolewa majani mengi mno. Usiyafyeke yote, maana mti utatoa mengine kwa akiba ndogo iliyobaki. Acha yaliyokaa vizuri na yaliyoachana nafasi, yale mengine yaondolewe kidogo kidogo kwa misimu miwili mitatu, kila mara chini ya kibali kilichotaja namba ile ile ya jalada.